Nilivyopewa Sadaka Nikitafuta Sukuma Jeddah

Wasichana wenzangu wa kazi za nyumbani hapa Jeddah, na nyinyi wa Riyadh, leo nimeaibika mbele ya foleni nzima. Hasira haijaisha, kwa hivyo naandika kabla haijapoa.

Mnajua Mama Kubwa, mama mkwe wa madam wangu, amekuja kututembelea kutoka Riyadh. Jana nikimmiminia kahawa akaniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia ninaye, Ryan, miaka mitatu, yuko Kitale na mama yangu. Akanitazama kwa huruma.

"Na anakula nini? Kenya mafi chakula."

Mafi chakula! Yaani Kitale hakuna chakula! (Mtu ambaye hajawahi kuona ghala la mahindi la Kitale ndiye anaongea.) Nikaweka birika chini.

"Mama, Ryan wangu ana mashavu kama mandazi. Kesho nitakupikia chakula cha kwetu. Ule, halafu uniambie kama hakuna."

Madam akashtuka. Mama Kubwa akacheka. "Haya, pika. Kikiwa kizuri, nitanyamaza."

Basi leo asubuhi tukaenda supamaketi, mimi na madam. Akanipa toroli yangu. "Yalla, tafuta vitu vyako, tukutane kwa keshia."

Nimezunguka humo kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Rafu nzima ni mchele. Rafu nyingine nzima ni jibini, sijui wana ng'ombe wangapi hawa. Unga wa mahindi nimeupata chini kabisa, umejificha nyuma ya tambi, pakiti mbili zimejaa vumbi. Nikapiga kigelegele. (Cha chini chini tu, jameni.)

Sasa sukuma wiki. Mafi! Spinachi ipo, dania ipo ya kutosha kufunika uwanja wa mpira, sukuma hakuna. Karibu nikate tamaa, ndipo nikamwona mfanyakazi mmoja, Mbangladeshi, anachuna majani ya koliflawa na kuyarusha kwenye katoni. Majani mapana, ya kijani, yana mshipa katikati. Nikakumbuka Mama Shiro wa Bani Malik alivyotuambia humu kwenye kundi letu: yakate nyembamba, kaanga na kitunguu na nyanya, hutajua tofauti.

"Rafiki, hayo majani unapeleka wapi?"

"Takataka."

"Nipe."

"Wewe? Ya nini?"

"Nipe, nimesema!"

Akasukuma katoni kwangu. Nikaingia. Sisemi niliinama, nasema niliingia, kichwa na mabega, mikono ya abaya nimeikunja hadi kwenye viwiko, nachagua machanga, natupa makavu, kama niko shambani kwa mama. Nilipotoka na mifuko miwili, watu wanne walikuwa wamesimama wananitazama. Nikawasalimia vizuri. Wakaitikia polepole. (Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.)

Kwa keshia, mifuko haina bei. Keshia akaigeuza juu, akaigeuza chini, akamwita meneja. Foleni inarefuka. Meneja akafungua mfuko mmoja, akanusa.

"Hii tunatupa. Mnapelekea mbuzi?"

Madam akadandia hapo hapo. "Ndiyo, ndiyo! Mbuzi!"

Ningenyamaza ningekuwa salama. Lakini mimi na huu mdomo wangu!

"Madam, mbuzi gani? Hatuna mbuzi! Ni mimi nitakula! Kwetu tunakula hii kila siku!"

Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Miskina." Neno hilo halihitaji mkalimani. Mama aliyekuwa nyuma yake akaongeza, "Wallahi, miskina." Mzee akatoa mkate kwenye toroli yake, akauweka kwenye yangu. Yule mama akaweka maziwa. Mwingine akaweka tende. Halafu baba mmoja wa tumbo kubwa akaja na kuku wa kuchoma, bado wa moto, akamlaza juu ya majani yangu huku akimkazia madam macho.

"Mwogope Mungu. Mlishe mfanyakazi wako!"

"Hapana, baba, mimi nashiba!" nikasema. "Kwetu chakula kipo!"

Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kunihurumia. Mama wa maziwa alifuta machozi. Wueh! Mimi nilikuja kuonyesha kwamba Kenya tunakula, nimetoka na chakula cha msaada!

Tukarudi nyumbani Al-Nuzha. Madam alipofika mlangoni akageuka. "Wewe, supamaketi halas. Hutaenda tena." Na mnajua hiyo ndiyo safari yangu pekee ya kutoka nje kwa wiki.

Sikulia. Nilipika. Ugali niliusonga kwa hasira hadi mwiko ukapinda. Majani nikayakata kama nyuzi. Yule kuku nikamficha ndani ya friji, asije akasifiwa yeye. Nikampelekea Mama Kubwa, nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Akamega, akachovya, akatafuna. Madam akaona ndiyo nafasi yake. Akamweleza yote: katoni, takataka, mbuzi, foleni. Nikajua nimekwisha. Mama Kubwa hakuacha kutafuna. Alipomaliza, akanisukumia sahani.

"Ongeza."

Nikaongeza. (Mgongo umenyooka kama askari.) Akala tena, kisha akamgeukia madam.

"Hayo majani mengine, wanayatupa saa ngapi?"

"Mama, mimi nitajuaje?"

"Basi kesho narudi huko na huyu msichana, mapema, kabla hawajayatupa."

Madam akatazama dari. Kuhusu Kenya kukosa chakula, Mama Kubwa hajasema neno hadi sasa hivi, na mimi sijamuuliza. Nimechukua sahani yake tu. Ilikuwa safi, hata kuiosha ilikuwa ni kwa heshima tu.

Kwa hivyo nina ombi moja. Wale wa Jeddah, kesho asubuhi mkiona abaya mbili zimeingiza vichwa kwenye katoni moja, piteni tu. Asipige picha mtu.