Kontena na Soda Iliyolala

Shemeji yangu ndiye binadamu wa kwanza duniani kupungua mwili kwa kunywa soda! Maneno hayo si yangu. Ni yake mwenyewe, na aliyasema mbele ya watu, kwa sauti kubwa, akiwa amejishika kiuno ambacho zamani kilikuwa hakishikiki.

Mtaa mzima unamwita Kontena. Amemuoa dada yangu, na mimi ni dereva wa gari lake la kusambazia soda. Kwa hiyo nakula kwake mara mbili, kwa undugu na kwa mshahara. Ndiyo maana katika mambo haya yote nilifunga mdomo, jambo ambalo kwa mtu kama mimi si dogo.

Jina la Kontena hakupewa bure. Ghalani kwake liliingia tumbo kwanza, likapokelewa, likakaribishwa, ndipo mwenyewe akafuata. Kiti chake cha ofisini kilikuwa kimeungwa vyuma na fundi wa mageti! Dada yangu ni fundi cherehani, lakini suruali za mumewe alizikata akiwa amepiga magoti sakafuni, maana meza haikutosha.

Na sifa yake kubwa, bwana, ilikuwa kushusha. Wenye maduka wakija kuchukua mzigo, Kontena anang'oa kizibo, anainua chupa, anaishusha yote kwa pumzi moja. Halafu anatulia. Halafu anapiga mbweu mmoja mrefu wa kutikisa kreti.

"Risiti hiyo!" anasema. "Mzigo umepokelewa!"

Watu wanacheka mpaka wanaongeza oda.

Pale ghalani soda ni za aina mbili tu: ya leo na iliyolala. Ya leo imeingizwa kwenye friji asubuhi, bado ina uvuguvugu. Iliyolala imelala humo tangu jana, ya baridi mpaka meno yanaomba msamaha. Neno hilo alilianzisha Kontena mwenyewe, akamfundisha mama anayetunza mafriji, ambaye tunamwita Mama Barafu. "Mteja wa heshima," alimwambia, "mpe iliyolala." Mama Barafu akalishika neno hilo kama amri ya jeshi.

Kumbukeni neno hilo. Mwenyewe alilisahau.

Mwisho magoti yake yakagoma. Daktari akampima, akatikisa kichwa, akampangia upasuaji. Tumbo likakatwa, sehemu kubwa ikaenda zake, akaachiwa kipande chenye ukubwa wa ndizi moja. Mtaani tulitangaza kwamba Kontena yuko kwenye semina ya uongozi.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyetumwa kumchukua.

"Unywe kidogo kidogo," daktari akamwambia. "Na vinywaji vyenye gesi, usahau kabisa. Gesi ikiingia humo haina pa kwenda. Utaumia, utatapika, na utarudi hapa."

"Dokta, lakini mimi nauza soda!"

"Kuuza sijakukataza."

Tulipoingia kwenye gari Kontena akanigeukia, mnyonge, ameshikilia mto tumboni, lakini macho yameshaanza kucheka.

"Shemeji, umesikia? Kasema gesi. Hakusema soda."

Nikawasha gari. Ubishi wa namna hiyo ungempatia kazi nzuri mahakamani.

Basi akapungua. Akapungua kweli! Shavu likaondoka, kidevu cha pili kikafuata, na shingo, ambayo dada yangu alikuwa hajaonana nayo tangu harusi, ikajitokeza. Suruali moja ya zamani ilitoa suruali mbili mpya na kitambaa cha foronya kikabaki.

Hapo angesema tu ukweli, habari ingeishia hapo. Lakini siku aliporudi ghalani, mama mmoja mwenye duka alimwona akaangusha pochi.

"Kontena! Ni wewe? Umefanyaje?"

Kontena akafungua mdomo. Pembeni yake palikuwa na kreti za soda mpya isiyo na sukari, inaitwa Wepesi, ambayo tangu iletwe ilikuwa imekaa hapo ikifuga vumbi. Mkono wake ukaenda wenyewe. Akachukua chupa moja, akaifuta, akaiinua juu.

"Mama, siri ndiyo hii! Asubuhi Wepesi, mchana Wepesi, jioni Wepesi!"

Kabla jua halijatua, kreti zote zikawa zimekwisha.

Habari zikafika kiwandani. Akaja Bosi wa Masoko, kijana wa tai nyembamba na viatu vyenye ncha, akampiga Kontena picha kila upande. Zikachapwa kwenye bango kubwa. Kushoto palikuwa na Kontena wa zamani, amelijaza bango mpaka kingo zinalia, pameandikwa KABLA. Kulia alikuwa Kontena mpya, mkono kiunoni, pameandikwa BAADA. Chini yao: SHUSHA WEPESI, SHUSHA KILO!

"Tutafanya uzinduzi ukumbini," akasema Bosi wa Masoko. "Wenye maduka wote watakuja. Wewe utashusha chupa moja kwa pumzi moja, kama kawaida yako. Ukiwapendeza, kanda nzima ni yako. Mawakala wengine wote watachukua mzigo kwako."

Kanda nzima! Kontena akakaa kwenye kile kiti cha vyuma, ambacho sasa kilimpwaya, akafumba macho. Nadhani alikuwa anajiona ana magari kumi.

Dada yangu aliposikia alizima cherehani.

"Utashusha nini, baba?"

"Wepesi."

"Yenye gesi?"

"Mke wangu, nina mpango."

"Una tumbo la ndizi, hilo ndilo ulilo nalo! Waambie watu ukweli. Kukatwa si wizi."

"Nikisema nimekatwa, nani atanunua soda?"

"Na ukipasuka jukwaani, nani atanunua?"

Nilimwona dada anajifuta macho kwa kipande cha kitambaa, na nikamchukia shemeji yangu kwa dakika mbili hivi. Halafu akaniomba nimsaidie mpango wake, nikaenda. Mshahara, jamani.

Mpango wenyewe ulifanyika jikoni. Alifungua chupa ya Wepesi, akaimimina kwenye bakuli, akaikoroga kwa mwiko mpaka mapovu yakachoka, akaiacha dirishani tangu asubuhi mpaka jioni. Kisha akaionja kwa kijiko. Uso ukakunjamana.

"Inafanana na dawa ya kikohozi," akasema. "Lakini gesi imelala. Unaona, shemeji? Hii ndiyo iliyolala!"

Akalifurahia neno hilo kama mtu aliyeokota kitu kipya. Nyumba nzima tukawa hatusikii jingine. "Msiguse iliyolala yangu." "Nani kasogeza iliyolala?"

Akarudisha kwenye chupa kiasi cha mafunda matatu madogo tu. Chupa ya Wepesi imefunikwa karatasi ya rangi mpaka shingoni, kwa hiyo mtu wa mbali hawezi kujua kama imejaa au ni tupu. Kizibo akakigandamiza kwa kiganja. Jukwaani angeinua chupa, angemeza mafunda matatu taratibu huku koo likicheza, angeonyesha chupa tupu, angeinama kwa makofi. Nakiri ulikuwa ujanja wa hali ya juu. Kama angekuwa anautumia kwa mambo ya maana, leo tungekuwa mbali.

Siku ya uzinduzi akamkabidhi Mama Barafu ile chupa kwenye mfuko.

"Nitunzie. Nikikuita, unaniletea iliyolala. Umenielewa? Iliyolala!"

"Bosi," Mama Barafu akasema, karibu achukie, "mimi nikupe wewe ya leo? Mbele ya wageni?"

Nyuma ya jukwaa Mama Barafu akafungua ule mfuko. Akaona nini? Chupa nyepesi, kizibo kimekaa upande, na ukiitikisa inalia kama mtungi mtupu. Chupa mbovu! Bosi wake anataka kuaibishwa na kiwanda siku ya siku! Akaitupa kwenye pipa la taka. Akaenda kwenye friji, akainama mpaka chini kabisa, akachagua chupa ya Wepesi iliyolala kuliko zote. Hayo alitusimulia baadaye, tena kwa fahari.

Ukumbi ulijaa. Mimi nilipewa kazi ya kushika kipaza sauti karibu na mdomo wa Kontena, ili watu wasikie mtelemko wa soda. Dada yangu alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, simu mkononi.

"Mabibi na mabwana!" Kontena akanguruma. "Wengine wanakimbia barabarani alfajiri, wanafukuzwa na mbwa! Wengine wanakula majani! Mimi nilikaa kwenye kiti nikanywa soda! Mama Barafu, lete iliyolala!"

Mama Barafu akapanda jukwaani kwa hatua za bibi harusi. Chupa ilikuwa juu ya sinia, na ilikuwa inatoa jasho.

Nililiona lile jasho. Soda iliyoshinda dirishani haitoi jasho! Nikamkanyaga Kontena mguu. Akadhani namtania, naye akanikanyaga.

Kizibo kikang'oka. *Tssss!* Kipaza sauti kikaipeleka sauti hiyo mpaka nje ya geti. Macho ya Kontena yakatoka. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umesimama, unapiga makofi, unaimba "Shusha! Shusha!" Na mtu mwenye sifa akiimbiwa hana breki. Akainua.

Funda la kwanza. La pili. La tatu. Kwa hesabu zake chupa ilitakiwa iwe tupu. Bado ilikuwa inakuja! Akameza la nne kwa mshangao na la tano kwa hofu. La sita likagonga mlango likakuta nyumba imejaa. Akaiteremsha chupa.

"Risiti!" watu wakapiga kelele. "Risiti! Risiti!"

Risiti haikutoka.

Alisimama wima, mashavu yamevimba, jasho linamtiririka, mkono kifuani. Aligeuka rangi mara mbili. Ndani ya kipaza sauti tulisikia kitu kinachemka, kama sufuria iliyofunikwa. Kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Bosi wa Masoko akacheka akidhani ni sehemu ya onyesho.

Kisha Kontena akalia. "Mama!" Neno moja tu, jembamba kama la mtoto. Povu likafuata, likaruka, likatua kwenye viatu vyenye ncha vya Bosi wa Masoko!

Sikucheka. Nilidhani tunampoteza.

Dada yangu alipanda jukwaa bila kutumia ngazi. Akamshika mumewe mabegani, akamkalisha, akamwinamisha mbele.

"Tema! Usimeze tena! Nilikwambia mimi, baba, nilikwambia! Tumbo limekatwa, limebaki kama ndizi, daktari kakukataza gesi, wewe unakunywa chupa ya soda mbele za watu kwa sababu ya bango!"

Maneno yake yakarudi kutoka kila spika ya ukumbi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kile kipaza sauti bado nimekishika, na nimekishika vizuri sana, katikati ya dada na shemeji.

"Limekatwa?" Bosi wa Masoko akauliza, anafuta kiatu. "Lini?"

"Kabla hajaionja hiyo Wepesi yenu," dada akajibu, tayari anampigia daktari.

Daktari akasema akae wima, asimeze kitu, aletwe mara moja. Nikaenda kuwasha gari. Tulipokuwa tunamtoa Kontena, huku na huku tumemshika makwapa, watu wakatuzonga. Nikajua sasa tunapigwa. Yule mama aliyeangusha pochi ndiye aliyekuwa mbele.

"Samahani, wifi," akamwambia dada yangu, amechomoa kalamu. "Huyo daktari ana namba?"

Nyuma yake palikuwa na foleni! Siku ile Wepesi haikuuzwa hata kreti moja. Aliyeondoka na oda za kanda nzima alikuwa daktari.

Kontena alilazwa, akawekewa dripu, akagombezwa na kila muuguzi aliyepita. Uwakala wa kanda ulikwenda kwa mtu mwingine. Bango lilichanwa katikati, na upande wa BAADA kiwanda kiliuchukua. Upande wa KABLA ulirudi kwetu, na Mama Barafu, ambaye hapendi kutupa kitu kizima, akaubandika kwenye mlango wa friji ya soda za kawaida, zile za sukari. Kusema kweli, hapo ndipo mahali pake. Ni tangazo lisilo na uongo hata chembe.

Juzi Kontena alirudi kazini. Alikaa na kikombe kidogo cha maji, anakunywa kama ndege. Akaingia mteja mgeni, mwanaume mnene, anapumua kwa shida. Akaitazama picha mlangoni, akamtazama Kontena, akaitazama tena picha.

"Kaka, huyu ni wewe? Umefanyaje?"

Ghala zima likasimama. Mimi nikaweka kreti chini. Mkono wa Kontena ukainuka wenyewe kuelekea kwenye chupa, ukafika nusu, ukatua mezani.

"Nilikatwa tumbo," akasema. "Na nilidanganya."

Akanywa funda moja la maji. Akatulia. Kisha, bila yeye kutaka, kikamtoka kibweu kidogo, chembamba, hata mteja hakukisikia.

Mama Barafu alikisikia. Akafunga mlango wa friji, akaitikia kwa heshima zote:

"Hiyo sasa, bosi, ndiyo risiti halali."