Jalada Gumu kwa Maombi ya Uzamili

Jumatatu, 3 Machi

Mungu ni mwema kila siku, daftari langu, lakini leo amezidisha! Mwanafunzi mmoja kaleta tasnifu yake nimjalidie, akasahau mezani mwongozo wa shahada ya uzamili ya sheria. Kurasa thelathini na sita. Nimeusoma nimesimama, gundi ikinikaukia kwenye brashi.

Miaka kumi na tisa nashona vitabu vya watu wa kitivo hiki, na sikujua mtu anaingiaje. Sasa najua! Shahada ya kwanza ya sheria, daraja la pili la juu. Barua mbili za watu wanaomfahamu mwombaji kitaaluma. Pendekezo la utafiti lisilozidi kurasa kumi. Usaili. Ukiingia, somo moja la lazima, Mbinu za Utafiti wa Kisheria, na manne ya hiari unachagua kati ya kumi na manne. Kisha ndiyo tasnifu.

Yananihusu nini? Wakili wangu anaomba! Binti yangu wa pekee. Jina hilo nilimpa akiwa na miaka sita, alipokataa kulala mpaka nimwoneshe imeandikwa wapi. Sasa yuko ofisi ya msaada wa kisheria, anatetea wapangaji na wafanyakazi wa ndani. Mkuu wake kampa likizo ya masomo mwaka huu tu. Mwakani ni zamu ya mwenzake. Akikosa sasa, basi tena. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, saa tisa alasiri.

Jioni kapita wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mpiga chapa wa mahakama. Mwanawe yuko kwenye uzamili huo huo tangu mwaka jana, na wifi hamalizi sentensi bila kumtaja. Anasoma Sheria ya Bahari, akasema, somo zito, wifi yangu, si la kila mtu. Nikatabasamu. Alipotoka nikafungua ukurasa wa ishirini na mbili. Sheria ya Anga za Juu! Bahari iko chini, anga iko juu. Atakayebisha atazame dirishani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Barua ya kwanza Wakili anayo, ya mkuu wake, saini na mhuri. Ya pili inatoka kwa profesa aliyemfundisha, na huyo ni mtu wa kesho na keshokutwa. Lakini vitabu vyake vinane viko kwangu, tayari tangu wiki jana! Mhudumu wa ofisi yake alipokuja kuvichukua nikasema havijakauka. Si uongo. Gundi gani imekauka kabisa mbele za Mungu? Nikamtuma akamwambie vitakauka barua ikiandikwa.

Saa nane, profesa mwenyewe mlangoni! Akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye mama wa yule binti. Nikakiri. Akasema barua aliituma kitivoni siku kumi na mbili zilizopita, kwa barua pepe, kama ukurasa wa tisa unavyowataka walimu. Ukurasa wa tisa! Niliuruka kwa sababu una jedwali. Nikambebea vitabu vyote vinane hadi kwenye gari, nikamfutia na kioo.

Aibu tupu. Lakini barua ipo! Ashukuriwe Mungu.

Jumatano, 5 Machi

Wakili kapita asubuhi mbio mbio, ana kesi mji wa jirani, anarudi kesho jioni. Kaniachia fomu, nakala za vyeti zenye mihuri, barua ya mkuu na pendekezo. Mama, tia klipu tu, unipelekee kesho. Klipu tu. Alirudia mara mbili, utadhani naumwa masikio.

Nikazitazama zile karatasi. Mtoto wa fundi, asimame mbele ya maprofesa na klipu, kama nguo kwenye kamba? Nikapiga magoti nikasali. Nikasikia amani moyoni. Nikatoa jalada jekundu nililolitunza miaka minne. Uzi mara mbili. Gundi ile kali, ya vitabu vya maktaba. Herufi za dhahabu: MAOMBI YA SHAHADA YA UZAMILI YA SHERIA, chini yake jina lake kamili. Na utepe!

Kwenye fomu, somo la nne la hiari lilikuwa halijajazwa. Kitabu hakitoki kwangu na pengo. Nikajaza, kwa mwandiko wa kupendeza: Sheria ya Anga za Juu. Mwishoni nikaongeza barua ya tatu, yangu mimi: kwamba namfahamu mwombaji tangu tumboni, hajawahi kuniibia hata sukari, na anasali.

Sijawahi kutengeneza kitabu kizuri hivi. Nimekibusu.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekikataa!

Dada wa mapokezi alikigeuza juu chini kama aliyekabidhiwa tofali. Akauliza kinahusu nini. Nikamwonesha dhahabu. Akasema hapana, mama yangu, kila karatasi inapita kwenye skana peke yake, maombi yaliyojalidiwa hatupokei, ukurasa wa kumi. Huo nao una jedwali! Nikamwambia skana watanunua nyingine, jalada hili hawalipati popote. Akacheka. Lakini kitabu alikirudisha.

Na nyuma yangu kwenye foleni, nani? Wifi, kamletea mwanawe kitambulisho alichosahau. Akasema kwa sauti ya kusomea hukumu: hongera, wifi, kumbe umetunga kitabu!

Wakili alirudi jioni, akakikuta mezani. Akajaribu kuchomoa jani moja kwa kucha, likakataa. Mwishowe akasema pendekezo atalichapa upya, lakini fomu ina saini ya ofisi, vyeti vina mihuri, na barua ya mkuu ni hiyo hiyo moja, mkuu mwenyewe kasafiri mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akafika kwenye somo la nne. Mama, mimi natetea watu waliofukuzwa nyumba. Huko juu nani kafukuzwa?

Nikasema, satelaiti.

Akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningepata nafuu. Nimelia, daftari. Mwaka wake mmoja, na mimi ndiye niliyeupaka gundi.

Ijumaa, 7 Machi

Alfajiri nilimwomba Mungu anioneshe njia. Akanionesha birika. Mvuke hulegeza gundi! Kisu hapana, kisu kingekula mihuri. Nikakishika kitabu juu ya mvuke, nikakata uzi niliousokota mwenyewe, nikaanza kuchomoa jani moja moja. Saa tatu, jani la kwanza. Saa tano, manane tu. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningekuwa fundi mbovu.

Na yaliyotoka yakajikunja kama ngozi juani! Wakili akashika kichwa. Skana itayatafuna, akasema.

Hodi. Wifi mlangoni, na pasi mkononi. Kaomba ruhusa kazini. Akasema mahakamani nyaraka zikinyeshewa ni yeye anayezinyoosha, na kwamba mimi nikae kule kwenye kiti kwa sababu mikono yangu hii ina kesi ya kujibu. Nikakaa. Wakili akaendelea kuchomoa kwa mvuke, na wifi akaitandika barua ya mkuu chini ya kitambaa, akaipitishia pasi polepole, ulimi nje kama mtoto anayechora. Kwa muda wa saa tatu nzima hakumtaja mwanawe hata mara moja!

Saa nane na dakika arobaini Wakili akatoka mbio na karatasi zingali na joto. Saa nane na hamsini na mbili skana ikameza ya mwisho. Dada wa mapokezi akamwuliza kwa nini maombi yananukia kama dobi.

Yamepokelewa! Nimemkumbatia wifi mpaka akapiga chafya. Anga imebaki pale pale, maana fomu yenye kufutwafutwa hairuhusiwi. Ukurasa wa kumi na moja. Sasa nasoma na majedwali.

Jumatano, 19 Machi

Usaili. Nilikaa benchi la nje, nimefunga tangu jana, midomo inatembea kwa sala. Dakika thelathini na tano! Nikasikia kicheko ndani. Cha nani? Cha nini?

Alipotoka akasimulia. Swali la kwanza: kwa nini anga? Akawaambia ukweli, mama kajaza. Swali la pili: na barua ya tatu, ile yangu iliyopita kwenye skana kwa haraka ya Ijumaa? Hapo ndipo walipocheka. Kisha akawaeleza habari ya wafanyakazi wa ndani wasio na mkataba hata wa mstari mmoja, na hakuna aliyecheka tena. Walimsikiliza mpaka chai yao ikapoa.

Ijumaa, 28 Machi

AMEPATA! Amepata, amepata! Nimeruka mpaka brashi zikaanguka. Nafasi anayo, anga imeondolewa, badala yake Sheria ya Kazi. Sawa. Kazi nayo ni kitu cha heshima.

Wakili kanikumbatia, kisha kanikalisha chini. Kaniapisha juu ya kitabu kitakatifu: mama, hutagusa karatasi yangu yoyote mpaka nihitimu. Hata moja. Nimeapa huku nalia. Nimejifunza, daftari. Mungu ni shahidi, nimejifunza.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kuwakaribisha wapya. Wakili alikuwa na kesi mpaka saa saba, akasema atachelewa. Nikaenda kumshikia kiti. Kiti si karatasi! Safu ya mbele, katikati. Orodha ya mahudhurio ilipopita sikuigusa. Nilimwomba jirani aniandikie.

Mratibu akauliza nani anayajua masomo ya hiari ya mwaka huu. Vijana wanatazama viatu. Jamani! Nikayataja yote kumi na manne, na kurasa zake, na lipi lina mtihani na lipi lina insha. Wakapiga makofi! Mratibu akasema anafurahi kuona mwanafunzi mtu mzima mwenye ari namna hii. Sikutaka kumkatiza, si adabu.

Kisha wakachagua kiongozi wa darasa, kwa kunyoosha mikono. Nimepata ishirini na saba kati ya ishirini na tisa! Na karatasi sikugusa hata moja. Nilinyoosha mkono tu, kujipigia kura.

Kesho saa nne nina kikao na mkuu wa kitivo. Wakili alifika nimeshaondoka, hajajua bado. Nitamwambia nikitoka kikaoni.

Atafurahi sana!