Mtoto wa Saadani

Abdulnasir alikuwa ameuma nusu ya kipande cha pweza, pale soko la samaki la Bagamoyo, aliposikia riziki yake ikitajwa.

Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akiwaeleza wenzake kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapara samaki. Mumewe, Mwinyimvua Kibwana, afisa uvuvi wa serikali, alifariki akiwa bado kazini. Mafao ya wategemezi hayajatoka, mwezi wa nane huu. Na juu ya hayo, marehemu aliacha mtoto wa kiume kule Saadani, alikofanya kazi ujanani.

"Hata sura simjui, jamani. Atakuwa na miaka thelathini hivi. Lakini haki yake siwezi kuila. Ajitokeze tu, tugawane."

Abdulnasir alikuwa na miaka thelathini na moja. Aliacha kutafuna.

Tumweleze kidogo bwana huyu, maana akijieleza mwenyewe ukweli hamtaupata. Alikuwa mtanashati, mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari, na kazi yake ilikuwa kuaminiwa. Alihamia Bagamoyo baada ya kumuuzia fundi mmoja wa Dar kiwanja chenye mandhari nzuri mno ya bahari. Nzuri kiasi kwamba maji yakijaa, kiwanja chenyewe kilikuwa bahari.

Siku ya nne alibisha hodi kwa mjane yule, Bi Maulida, akiwa amevaa kanzu ya kuazima na mkononi ana cheti cha kuzaliwa chenye umri wa siku mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi natoka Saadani," alisema, akainamisha kichwa, akanyamaza. Kimya hicho alikuwa amekifanyia mazoezi.

Bi Maulida alivaa miwani, akakisoma cheti, akamtazama mgeni, kisha akapiga yowe lililomtoa jikoni binti yake Jasmin, wa kidato cha nne, na mwiko mkononi.

"Jasmin! Njoo umwone kaka yako! Tazama masikio hayo! Si ya marehemu hayo?"

Jasmin aliyatazama masikio. "Ndiyo yenyewe," akasema, akarudi jikoni mbio huku ameziba mdomo kwa mtandio. Abdulnasir alidhani analia.

Baada ya wali wa nazi na changu wa kupaka, Bi Maulida alishusha sauti.

"Mwanangu, nina wazo, ulipime. Tukikuandika kwenye fomu, wale wa mfuko wa pensheni watataka kukichunguza cheti chako. Wataandika barua, watasubiri majibu, mwaka utakwisha. Bora yote yapitie kwangu na Jasmin, kisha fungu lako nikupe mkononi. Au huniamini?"

Aliposikia neno "kukichunguza", Abdulnasir alikikunja cheti chake, akakirudisha mfukoni.

"Mama," alisema kwa uchungu wa kweli, "kati ya mama na mwana karatasi ya nini?"

Alitoka pale akicheka peke yake njia nzima. Wajinga alishawaona wengi, lakini mjinga wa kumwondolea hadi kazi ya kughushi zaidi, huyo alikuwa wa kwanza.

Likabaki faili la mafao. Faili lilikwama kwa sababu barua ya ajira ilisema Mwinyimvua, cheti cha kifo kikasema Mwinyi Mvua, na cheti cha ndoa, kilichoandikwa na mtu mwenye haraka zake, kikasema Muinyimvua. Karani mmoja aliwahi kumwuliza Bi Maulida, bila hata kutabasamu, ni yupi kati ya marehemu hawa watatu aliyekuwa mumewe. Tangu siku hiyo mjane alikwenda na kurudi mpaka magoti yakavimba.

"Niachie mimi," alisema Abdulnasir.

Na hapa lazima tumpe haki yake. Ujuzi wote alioutumia miaka kumi kuzungusha watu, sasa aliupeleka kwenye jambo la kweli, na ukafanya kazi vilevile. Alimpata wakili wa kuandika hati ya kiapo kwamba majina matatu ni ya mtu mmoja. Alishinda mahakama ya mwanzo akifuatilia barua ya usimamizi wa mirathi. Alikwenda Saadani kutafuta waliofanya kazi na marehemu, akaenda ofisi za mkoa, Kibaha, mara tatu, na nauli zote zilitoka mfukoni mwake. Makatibu muhtasi aliwasalimia kwa majina ya watoto wao.

Siku moja karani alimwambia arudi Jumatatu. Ilikuwa Jumatatu.

"Kaka yangu," alisema Abdulnasir, sauti ikitetemeka, "baba yangu aliwahesabia samaki miaka thelathini. Leo ninyi mnashindwa kumhesabu yeye mmoja?"

Karani alilivuta faili. Mhuri ukagongwa. Abdulnasir alipotoka nje alijifuta machozi, akashangaa kuona bado yanatoka.

Mwezi wa tatu tangu abishe hodi, ujumbe uliingia kwenye simu ya Bi Maulida. Abdulnasir alifika asubuhi hiyohiyo, ameshika begi jipya.

"Imeingia, mama?"

"Imeingia, baba. Malimbikizo yote, na pensheni ya kila mwezi itaanza. Jasmin atasoma."

"Alhamdulillahi. Basi lile fungu..."

"Fungu la nani?"

"La mtoto wa Saadani."

Bi Maulida alivua miwani. "Sikiliza, baba. Marehemu hakuwahi kuwa na mtoto Saadani. Tulihamia huko pamoja, tukaondoka pamoja. Yule mtoto nilimzaa mimi, sokoni, siku ya Jumanne, mbele ya wauza samaki sita."

"Ulimzaa?"

"Nilihitaji mwanamume mwenye mdomo wa kunikimbilia maofisini. Shemeji zangu kila mmoja ana udhuru wake. Nikajisemea, nikitangaza kazi, nani atakuja? Nikitangaza urithi, watakuja. Wewe ulikuwa wa tatu. Wa kwanza hajui kusoma. Wa pili alikuwa mkubwa kuliko marehemu."

"Na masikio?" aliuliza Abdulnasir, kwa unyonge.

"Ya baba yalikuwa madogo," alisema Jasmin kutoka jikoni.

"Nitakushtaki!"

"Nenda, mwanangu. Ila kula kwanza. Chakula cha hapa ni halali yako, na kila sala nakuombea. Umenifanyia ambalo ndugu wa damu hawakulifanya."

Abdulnasir alisimama kwa hasira. Wali ukaletwa. Akakaa, akala, akaongezewa, akasimama tena kwa hasira ileile, akaenda moja kwa moja polisi.

Askari wa kaunta alifungua daftari. "Jina?"

"Abdulnasir."

"Tatizo?"

"Nimedhulumiwa, afande. Fungu langu la mafao ya marehemu baba."

"Pole sana. Nani kakudhulumu?"

"Mama."

"Mama yako mzazi?"

"Hapana. Yaani ndiyo. Kwa namna fulani."

Askari alimtazama, akaamua ni msiba ndio unaomsumbua, akalainisha sauti. "Haya, twende polepole. Jina la baba?"

Abdulnasir alifungua mdomo. Akisema Mwinyimvua, ataulizwa cheti, na cheti kilikuwa na miezi mitatu tangu kizaliwe. Akisema Msabaha, baba yake wa kweli, huyo yuko Tandika anauza mkaa, mzima wa afya, na hakuna mafao ya mtu aliye hai. Jasho lilianza kumtiririka nyuma ya masikio.

"Bwana, nakuuliza jina la baba yako. Si swali la mtihani."

"Subiri kidogo, afande," alisema Abdulnasir, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. "Ngoja kwanza nikamwulize mama."