Bila Mkono Wangu Hapandi Mtu

Jumatatu, 3 Machi 1958

Mzee wangu, huna haya hata kidogo! Mabati mapya umempa Milcah, mke wa pili, aliyekuja juzi na kikapu kimoja. Mimi mke mkubwa bado nalala chini ya nyasi, panya wakinipita kichwani! Ndiyo maana niko huku Nairobi, Spring Valley, katika chumba cha boi cha mwanangu Shem, mpishi wa Wazungu. Sikuja kutembea. Nimegoma.

Kwetu hapandi mtu kabla ya mke mkubwa kupanda. Hata punje moja! Anayethubutu anajiitia balaa, mtoto mdogo anajua. Basi wakae na majembe yao. Mabati kwanza, mbegu baadaye.

Shem anasema watu watakufa njaa. Nimemwambia wafe chini ya mabati.

Alhamisi, 6 Machi

Jirani yetu wa nyumbani, Ogutu, ameshuka gari la moshi akaja moja kwa moja. Mvua imenyesha kwetu! Majirani wote wanapanda, boma letu tu limekaa kama lina matanga. Mzee anasema nirudi, mambo ya paa tutaongea baadaye. Baadaye! Neno hilo nalijua tangu arusi.

Milcah naye anasema eti Nairobi imenifanya memsahib. Yeye, ambaye akipalilia anakata mahindi na kuacha magugu!

Nimemtuma Ogutu: sirudi. Akacheka, akasema, "Mama Shem, wewe ni Gavana." Nikamjibu Gavana analala chini ya vigae.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imefika na huku. Udongo wa hawa watu, jamani! Mwekundu, laini, unanukia kama chungu kipya. Na wamepanda nini? Maua ya miiba. Mbuzi mwenyewe angekataa.

Nimeketi mlangoni. Mikono inaniwasha. Nimeomba Mungu. Bado inawasha.

Jumatatu, 10 Machi

Memsahib, bibi Mzungu wa Shem, ameenda mjini. Nimeng'oa maua kidogo tu, yale yaliyochoka. Nimepanda mahindi, maharagwe katikati. Mistari imenyooka! Roho imetulia.

Ogutu amepita kuaga, anapanda gari la moshi la jioni. Akasimama akinikodolea macho. Akauliza kama hiyo ni mbegu. Nikamwambia, kwani unaona shanga? Akaondoka mbio, hata chai hakunywa. Hana adabu.

Jumanne, 18 Machi

Ogutu, ulimi wako ukauke! Shem ameyasikia River Road kwa watu waliotoka nyumbani, wanacheka mpaka wanashikana. Ogutu alianza kupiga kelele kule kule stesheni ya kwetu: mke mkubwa amepanda! Wazee wakakaa. Wakasema hakuna aliyewahi kuambiwa ni lazima apande katika shamba lake mwenyewe. Mkono ni wake, mbegu ni mbegu. Mzee akaamuru majembe yatoke. Boma lote limepandwa. Milcah alipanda akiimba. Akiimba!

Na leo hii memsahib amekuta mahindi yanachungulia kati ya maua yake. Amelia kama aliyefiwa. Amemwambia Shem achague, mama au kazi. Shem akaja kwangu taratibu, mikono nyuma, akasema, "Mama, umeshindwa. Rudi nyumbani." Kushindwa! Nani amemfundisha neno hilo? Si mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimehamia Kawangware, kwa binti yangu Lornah. Nyumbani sirudi ng'o.

Nimefikiri vizuri. Kupanda wamepanda, haya. Kula je? Kwetu hakuna anayeonja mahindi mapya kabla ya mke mkubwa kuonja! Wapalilie, wafukuze ndege, wayatazame yakikomaa, mate yawadondoke. Mabati yasipofika juu ya nyumba yangu, mimi siweki punje mdomoni, hapa wala kwingine. Safari hii wamekwisha!

Tatizo ni huyu Njambi wa jirani. Anachoma mahindi mabichi mlangoni petu kuanzia asubuhi, na ile harufu haina huruma. Leo nimejikuta nimesimama karibu na jiko lake bila kujua nimefikaje.

Lornah, acha kufua! Nenda umwambie ahamishe hilo jiko ng'ambo ya mto, sasa hivi!