Kanga Niliyomfunikia Marehemu wa Bale

Kwa Katibu,
Kamati ya Jioni ya Sanaa,
Lushoto.

Mheshimiwa Ndugu Katibu,

Kwanza shikamoo. Sijui siku hizi za soko huria mtu wa kamati anaitwa Ndugu kama zamani au ameshakuwa Mheshimiwa, kwa hiyo nimekuwekea yote mawili, uchague litakalokukaa. Sisi huku njia ya Magamba hatujambo, isipokuwa hatulali. Hilo la kutolala ndilo lililonishikisha kalamu.

Mimi ni Zakia, mke wa Hamza anayelima kabichi. Labda unanikumbuka. Wanawake waliopanda jukwaani kwako tulikuwa watatu, na mimi ni yule mwenye mtoto mgongoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu tangazo. Gari lenu la kipaza sauti lilipita sokoni likisema kutakuwa na jioni ya sanaa: barabarani picha za kuchorwa kwenye kuta, na ukumbini dansi ya Wazungu iitwayo bale. Hakuna mahali liliposema kwamba kuna mtu atafariki. Mtu akialikwa arusini huvaa cha arusini, akialikwa msibani huvaa cha msibani. Mimi nilivaa gauni la mtumba la maua mekundu, nikakaa mbele kabisa na maua yangu, huku binti wa watu anakata roho.

2. Kuhusu kifo chenyewe. Tangu binti yule anaingia nilijua ni mgonjwa. Alikuwa mwembamba, na kinguo cheupe kimesimama kiunoni kama uyoga, na hakukanyaga kwa unyayo bali kwa ncha za vidole, kama mtu mwenye funza. Mama mkwe wangu, Bi Hadija, akaninong'oneza Kishambaa kwamba huyo hajala, na kwamba angelishwa bada, ugali wetu wa muhogo, hata siku chache tu angetembea kama watu. Mara binti akatetemeka, akapepesuka, akajikunja chini taratibu. Mkono ukabaki unapunga peke yake, kisha nao ukalala. Muziki ukanyamaza.

Sasa niambie, Mheshimiwa Ndugu, wewe uliyelelewa milima hii hii. Mgeni amefia mbele yako, miguu wazi, mama yake yuko Ulaya hana habari. Utaendelea kukaa kwenye kiti? Sisi hatukuweza. Mama mkwe akasema inna lillahi, akanishika mkono, tukapanda. Jirani yetu Jenoveva wa kwaya ya Kilutheri akapandia upande wa pili na wimbo wa maziko, na ukumbi mzima ukaitikia, Waislamu kwa Wakristo, wanaume wakavua kofia. Nikafungua kanga ya mbeleko, nikampa Jenoveva mtoto, nikamfunika marehemu kuanzia kichwani na kumchomekea pembeni, maana ukumbi wenu una upepo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hezekia, alikuwa tayari anapitisha kofia ya rambirambi.

3. Marehemu akafufuka. Kumbe ulikuwa mchezo. Alitulia kwanza chini ya kanga, nami simlaumu, ningepata nafasi kama ile ningekuwa huko hadi leo. Kisha akainuka nayo mabegani, akainama mbele ya watu, akanikumbatia huku analia, akaingia nayo nyuma ya pazia. Ndipo wewe ukashika kipaza sauti ukasema mgeni amepokea zawadi ya akina mama wa Lushoto. Zawadi gani? Ile ilikuwa sanda. Mtu huvishwa sanda akabebwa, haondoki nayo kwa miguu yake.

4. Kuhusu kanga. Ni ile iliyoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mwanangu Idrisa amelala ndani yake tangu azaliwe na hajui usingizi mwingine. Kipande cha pili cha doti hiyo ninacho, rangi ile ile, maneno yale yale, lakini amekinusa akakisukuma kama hakimu aliyeletewa shahidi wa uongo. Tangu hapo halali yeye, silali mimi, halali Hamza, na jogoo wa jirani siku hizi anaamka akitusikia sisi. Juzi nilibeba kabichi mgongoni nikaiimbia njia nzima mpaka sokoni, na Hamza aliyekuwa nyuma yangu akanionya nisije nikaiamsha.

Nilitaka niende mwenyewe nyumba ya wageni nikaiombe. Mama mkwe akakataa katakata, kwamba kilichomfunika maiti hakidaiwi. Nikamwambia maiti mwenyewe nimemwona sokoni anachagua peasi. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "kufa alikufa, tulimwona wote. Hayo ya peasi ni yake."

5. Kuhusu ukuta. Mchoraji wenu alimwomba Hamza ukuta wetu wa barabarani, na Hamza kwa usingizi wake akaitikia, akidhani anapakiwa rangi. Sasa niko pale, mkubwa kama lori, nimeinama, namfunika binti kwa kanga yangu. Kila apitaye anatoa pole. Jamaa wa Hamza kutoka Bungu wameshuka na mkungu wa ndizi, wanasema habari ya msiba imewafikia na ukutani wameiona kwa macho yao. Nimewapikia. Wenyewe wanalala vizuri sana.

6. Kuhusu matanga. Nasikia binti ameshakwenda Tanga na huko amekufa tena, na baadaye atafia Moshi. Kila akifa, kanga yangu iko mabegani. Mzee Hezekia anauliza arobaini ihesabiwe kuanzia kifo kipi. Jenoveva anasema kwao wanahesabu cha kwanza. Mama mkwe anasema cha mwisho. Watu wa Bungu wanasema hawana haraka.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kanga irudishwe kama ilivyo, isifuliwe. Ikishindikana, binti aje mwenyewe ambebe Idrisa mpaka alale. Ikishindikana na hilo, lile gari lipite tena sokoni litangaze kwamba marehemu hajambo. Ukuta upakwe chokaa. Na bale isikanyage tena Lushoto, kwa unyayo wala kwa kidole, mpaka watunge ile ambayo mgonjwa anapona.

Nisalimie mama watoto na watoto, na wanapolala jioni uwaambie walale kidogo kwa niaba yetu. Dereva wa kipaza sauti naye msalimie, hana kosa, alisoma alichopewa.

Ni mimi mwananchi wako, ninayeandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtoto,

Zakia, Mama Idrisa.

Baada ya kusaini: Kanga imefika mchana huu kwa kondakta wa basi la Tanga. Binti ameifua, ameipiga pasi, inanukia sabuni ya Ulaya. Idrisa ameinusa, akalia kuliko siku zote. Nikatoka naye nje nikiwa sina tena la kufanya, tukapita mbele ya ukuta. Akanyamaza. Akaitazama ile kanga iliyochorwa, pana kama hema, akaiegemezea shavu, akalala. Nimekaa chini hapa hapa naye pajani naandika haya, na watu wanapita wanatoa pole kwa sauti ya chini wasimwamshe. Tafadhali futa namba tano, na huyo mtu wa chokaa nisimwone huku. Kanga nimemrudishia kondakta aipeleke Moshi, kule kuna baridi na sijui nani atamfunika. Mwakani tuwekee viti vya mbele. Jenoveva ameshaanza kufundisha sauti ya pili ya ule wimbo wa maziko. Binti akifa tena, afe hapa, tuko karibu.