Nilivyouokoa Unga wa Lozi

Jumatatu, 3 Machi

Msiba dukani. Rafu yetu ya wagonjwa wa sukari imehamishwa. Zamani ilikuwa mbele kabisa, usawa wa macho: unga wa lozi, biskuti zisizo na sukari, tambi za soya. Leo nimeikuta chini, kati ya mitego ya panya na rangi ya viatu. Kilichobaki ni unga wa lozi tu. Pakiti chache, zimeegemeana kama abiria waliokosa usingizi.

Nikamuuliza mwenye duka kulikoni. Akasema, mzee wangu, wale wanunuzi wengi hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanatafuta kupunguza tumbo. Sasa mtindo umebadilika, wanapungua kwa kushinda na njaa. Na mtu aliyeamua kutokula, akaniuliza, nimuuzie nini?

Mwenye duka tunamwita Kidole. Kila Jumamosi anapitisha kidole juu ya bidhaa. Kikitoka na vumbi, bidhaa hiyo haiagizwi tena. Hana utaratibu mwingine. Jumamosi hii ni zamu ya rafu yetu. Ikishindwa, panawekwa chakula cha mbwa.

Mbwa! Na mkate anaoniokea mke wangu kwa unga ule ndio mkate pekee nesi wa kliniki aliouridhia. Bila huo, asubuhi ni mayai ya kuchemsha. Siyawezi mayai. Yananitazama.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kufuta vumbi kimyakimya. Rahisi, safi, hauna gharama. Nimekwenda na leso. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Nimemkuta jirani yangu, fundi cherehani mstaafu, amekwisha piga magoti pale, anafuta pakiti kwa mkono wa shati. Naye ana sukari. Pia ni mpinzani wangu wa drafti, na mtu asiyejua kushinda kwa adabu. Tumegombana kwa kunong'ona, wazo ni la nani. Akadai alianza jana. Uongo mtupu! Jana vumbi lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu.

Nikavuta pakiti. Akavuta. Ikapasuka.

Kidole akaja. Akapitisha kidole sakafuni, kwenye rafu, kwenye kipara cha Fundi. Kikatoka cheupe. Akasema tangu afungue duka hajawahi kuona bidhaa yenye vumbi kama hii. Tumefagia. Fundi alishika ufagio, mimi kizoleo. Hata hapo alijifanya msimamizi.

Jumatano, 5 Machi

Nilikosea shabaha. Kufuta hakusaidii. Dawa ni wanunuzi.

Kikundi cha kina mama cha mke wangu kimekutana sebuleni kwetu. Nikajitolea kupeleka chai, jambo lililowashtua. Nilipofika katikati nikasema, kama mtu anayejisemea, kwamba unga wa lozi unang'arisha uso. Mmoja akauliza, shemeji, umejuaje? Nikamwonyesha mke wangu kwa kidevu.

Mke wangu ana ngozi nzuri tangu usichana. Kairithi kwa mama yake. Nilingoja anikanushe. Hakukanusha! Akajishika shavu, akatazama dirishani.

Mimi ni hatari.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Rafu tupu. Kidole anaimba. Amenipiga begani, akasema hajui kimetokea nini lakini apewe maua aliyekianzisha. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha nikaomba pakiti yangu.

Hakuna. Ya mwisho, akasema, kachukua mama wa nyumbani kwako.

Nikarudi mbio, nimejaa furaha. Mke wangu yuko jikoni, na unga upo. Wote upo usoni. Yanaonekana macho tu. Nikauliza habari za mkate. Akajibu bila kufungua midomo, unga usije ukapasuka, kwamba mimi ndiye niliyemtangaza kuwa ushahidi. Basi ushahidi lazima utunzwe.

Ijumaa, 7 Machi

Mayai.

Nimepata fununu kwamba Fundi ana pakiti, kaificha kwenye droo ya cherehani. Nikaenda kuomba kikombe kimoja. Akasema hana neno, jirani ni jirani. Ila kwanza nisimame kwenye benchi la drafti, mbele ya wote, niseme yeye ndiye mwalimu wangu.

Nimesema. Wamepiga makofi. Fundi akaniomba nirudie, kuna mmoja alikuwa anakohoa.

Mkate umetoka mtamu, ukoko unalia ukiuvunja. Fundi alijialika. Kala nusu, na mimi nilicheka sana alipokuwa anaiga uso wangu pale kwenye benchi. Mtu mbaya.

Jumamosi, 8 Machi

Kidole kimepita, kimetoka safi! Rafu yetu imerudi mbele, tena karibu na mlango. Shehena mpya imefika, imepangwa hadi juu. Nikakimbia. Fundi akakimbia. Nilimshinda kwa tumbo.

Pakiti ni za rangi ya waridi. Zina picha ya mwanamke aliyefumba macho. Zinanukia manukato. Kidole akaeleza kwa fahari kwamba msambazaji kamletea unga wa usoni, ndio unaotembea. Ule wa kuliwa, kwa jinsi ulivyokuwa umedoda kila mahali, wameacha kabisa kuuleta.

Nimesema labda moto utaondoa harufu. Mke wangu ameoka huku ananionya. Nyumba imenukia kama chumba cha bibi harusi. Fundi akauma kipande, akatafuna, akatema dirishani. Akasema mdomo wake kwa ndani sasa ni laini.

Jumapili, 9 Machi

Siku njema kuliko zote!

Nilitoka kukimbia mayai, nikafika kwa muuza mboga wa kona. Maparachichi! Lundo zima, chini, hayana rafu. Nimekata moja, chumvi kidogo, ndimu. Siagi inayoota mtini! Nimempigia nesi simu. Akasema nile, ila kwa kiasi, na kwa nini sikuwahi kumuuliza.

Fundi kaja na kijiko chake. Tumekaa kibarazani, tumekula, tumecheka. Mke wangu akatutazama, uso unang'aa kweli, sijui imekuwaje. Akaniambia, baba, safari hii umepata, sasa kaa kimya. Nikamwahidi.

Jioni nimepita kumshukuru muuza mboga. Mama mpole sana. Akalalamika kwamba yanaiva yote kwa mpigo, watu wanapita tu, hawanunui.

Imenigusa. Nimemwambia asihangaike, aniachie mimi. Kikundi cha mke wangu kinakutana tena Jumatano. Chai nitapeleka mwenyewe. Nitawaambia parachichi linalainisha nywele.