Gia ya Pili na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Shemeji Basili kapita asubuhi. Kapikipiki kake ka milimani kanatema gia ya pili. Unaiweka, kanapanda kidogo, krak! kako free, na wewe unarudi kinyumenyume na tope lako. Kwa mtu mwingine huo ni usumbufu. Kwa Basili ni mkate wake unaopotea. Yeye ndiye anayepandisha ng'ombe kwa mrija huku kwetu Kibosho ya juu, bwana mbegu mwenyewe, na ng'ombe akiingia joto haweki miadi.

Kasema anakapeleka kwa Tito, fundi wa njia panda. Tito ndiye aliyeniuliza mbele za watu, kwenye komunio ya mtoto wa jirani yetu Justina, kama ile pampu ya maji niliyoitengeneza bado inatoa moshi. Watu walicheka mpaka pombe ya mbege ikawapalia.

Nikajisikia nikisema aache, mambo ya gia nayajua. Nimejifundisha mwenyewe. (Kwa video. Bila sauti, maana spika ya simu imekufa. Lakini mikono ya fundi inaonekana vizuri tu.)

Basili kasita. Kanikumbusha kuwa Neema, ng'ombe wa mama yake, yaani mama mkwe wangu, atakuwa kwenye joto wiki hii. Kila akipandishwa hashiki mimba. Safari hii asiposhika, mama kaapa kumpa mchinjaji wa Bomang'ombe. Na Neema ndiye pekee aliyebaki zizini tangu baba mkwe atutoke.

Nikamwambia alale usingizi. Zita, mke wangu, akainuka. Akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumanne, 10 Juni

Uchunguzi. Nimekaendesha mpaka kanisani na kurudi. Kweli kanatema. Nikainama kutazama. Pedali ya gia inacheza kwenye shafti kama jino la bibi. Bolti imelegea, pedali yenyewe imelika kwa ndani.

Niliiona. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu: niliiona. Lakini nani atamheshimu mtu aliyekaza bolti moja? Nikakohoa, nikamwambia Zita ugonjwa uko ndani kabisa.

Nimepasua injini.

Yule wa kwenye video alipanga vyuma kwa mfuatano. Nami nikakata majani ya mgomba, nikayatandaza uani, kila gia na jani lake. Safi mno! Nikaenda dukani kununua sabuni ya unga, nikapitia kijiwe cha Tito, polepole, ili aione mikono yangu ilivyojaa oili.

Narudi, majani hayapo!

Zita kakusanya malisho ya mbuzi. Vyuma vyote kavimwaga kwenye beseni, kwa upole, na kavisuuza. Kasema tangu azaliwe jani la mgomba likiwa chini ni chakula cha mnyama. Angejuaje kwamba leo ni gereji? Mbuzi alikuwa anamalizia jani la gia ya tatu. Ananitazama.

Jumatano, 11 Juni

Nimefunga injini. Imebaki washa moja, kile kipete cha chuma, nyembamba. Nikajiambia kiwandani huwa wanatia ya akiba. Nikaitia mfuko wa shati.

Gia ya kwanza inaingia. Ya pili inaingia! Ya tatu haipatikani. Ya nne ni free.

Jioni Basili kaja. Nikamwambia kamepona, ila asibadilishe gia ovyo, vyuma bado havijazoeana. Kanishukuru. Katuletea mtindi. Nimeunywa wote.

Akiwa bado hapa mama mkwe kapiga simu. Neema yuko kwenye joto! Analia, anapanda ukuta wa zizi. Basili akasema alfajiri atakuwa kule, hiyo ndiyo saa yenyewe. Akafurahi kama mtoto.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nao. Niliutumia kumwuliza kama mtindi umebaki.

Alhamisi, 12 Juni

Basili kaniomba nimsindikize, nimshikie chupa ya mbegu. Nikaipakata kama mtoto wa ubatizo.

Kwenye kilima cha shule akaweka gia ya pili. Ikaingia. Nadhani na ya kwanza ikaingia, zote pamoja. Gurudumu likafunga. Halisukumiki! Ikabidi tukabebe, yeye mbele, mimi nyuma, chupa ikining'inia shingoni. Wanawake waliotoka kukata majani wakatupisha. Justina akauliza kama mgonjwa tunamwahisha zahanati.

Tito akapita na pikipiki yake, akasimama. Akasema mbe Basili, bwana wangu, panda nikufikishe, ng'ombe asije akapoa. Kabla Basili hajavuta pumzi, sauti ikamjibu asante, aende tu, haka karibu kanawaka. Nikageuka nione ni nani huyo mjinga. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Tito kaondoka anapiga mluzi.

Tumefika jua la utosi. Neema katulia, anacheua kama mjane aliyemaliza matanga. Basili kampandisha hivyo hivyo, akasema nafasi ni finyu. Mama mkwe akamshika ng'ombe shingo, asitazame mtu. Nikasema shikamoo mama. Marahaba akampa Neema.

Kisha akamwuliza mwanawe ni nani aliyekagusa hako kapikipiki. Basili akasema ni jiwe la njiani.

Jiwe! Niliyemharibia ndiye anayenificha. Afadhali angenitaja. Nimerudi kwa njia ya chini ya migomba, nisisalimiane na mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Tito kakatengeneza. Gia mbili nilizifunga kichwa chini miguu juu. Pedali kaweka mpya. Halafu kwa sauti ya mnada akatangaza kuwa imepungua washa moja, aliye nayo ajitokeze. Nikajitokeza. Nikaitoa mfukoni mbele ya kijiwe kizima. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Nyumbani Zita kasema imebaki njia moja: nimpelekee mama yake isale. Nilifurahi mno! Kwetu ukimpelekea jani la isale uliyemkosea, hana ruhusa kukukatalia. Ni kumbana tu. Mbona sikuwaza mapema? Nimechuma jani pana kuliko yote kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, na nimemwomba katekista Augustino awe shahidi, mama asipate pa kutokea.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepiga magoti, isale mkononi. Nikaanza kuomba radhi kwa yaliyotokea kutokana na uchakavu wa vyuma. Mama mkwe akasema isale hailetwi na vyuma, inaletwa na mtu. Nitaje kosa.

Nikasema barabara ni mbaya. Akamtazama katekista. Katekista akatazama dari.

Nikasema kosa langu ni moyo wa kusaidia uliozidi. Mama akaanza kuita kuku.

Magoti yakauma. Mwishowe ikatoka: niliona bolti imelegea, nikaiacha, nikafungua kisichoumwa ili Tito anione. Basili alikuwa amesimama mlangoni. Habari ya bolti alikuwa hajaijua. Akatoka nje.

Mama kalipokea jani. Kasema kasamehe, na nile. Nikala kiburu cha ndizi na maharage nimeinamia sahani. Akaniuliza mbona nala kama niko msibani. Nimeapa: spana sishiki tena maisha yangu yote.

Jumapili, 6 Julai

Neema hajarudi kwenye joto! Siku zake zimepita, kimya kabisa, maana yake kashika. Mchinjaji kaambiwa asije. Mama mkwe kaimba kanisani mpaka kwaya ikampisha.

Chakula cha mchana kwake, sote, na Justina. Basili (ananisemesha sasa, kidogo) akaeleza kuwa pengine yai la ng'ombe huyu hukomaa kwa kuchelewa kuliko la wenzake, na siku zote yeye alikuwa anamwahi mno.

Nikaweka kijiko chini.

Anamwahi mno! Sasa safari hii ni nani aliyemchelewesha? Kama ningekaza ile bolti kama fundi wa kawaida, Basili angefika alfajiri, na Neema leo angekuwa supu huko Bomang'ombe. Nimewaeleza mezani, kwa utaratibu, hatua kwa hatua. Hawakunielewa. Zita kaniomba nipitishe chumvi.

Justina kanielewa nusu. Pikipiki ya mumewe inalia kwenye gia ya tatu, na wana mtamba asiyeshika. Nimemwambia kesho ailete mapema. Spana nimeshazipaka mafuta.

Na mama mkwe, mimi si mtu wa makuu. Magoti si lazima apige. Akileta jani tu la isale, nitampokea.